Watu 600 kati ya 18,000: kosa la sampuli linapima nini, na lisichopima ni kipi

*Swali: Ninafanya kazi katika sekretarieti ya chama cha wafanyakazi chenye wanachama 18,000. Tulitaka kujua kama wanachama wanakubali kuongezwa kwa mchango wa mfuko wa matibabu. Kompyuta ilituchagulia kwa nasibu majina 1,000 kutoka kwenye rejista, tukawapigia simu, 600 wakajibu. Asilimia 53 wanaunga mkono, asilimia 41 wanapinga, asilimia 6 hawajaamua. Mwaka jana, kwa njia ileile na idadi ileile ya waliojibu, waliounga mkono walikuwa asilimia 48. Wenye umri chini ya miaka 30, ambao ni 80 kati ya hao 600, wameunga mkono kwa asilimia 61. Ripoti yetu inasema "kosa la sampuli ni asilimia 4", na kikao kikachafuka hapo. Mwenyekiti anasema 600 ni wachache mno, kanuni ni asilimia 10 ya wanachama wote. Mhazini anasema kama tumekiri kosa la asilimia 4, maana yake watu 24 tuliwahesabu vibaya. Mjumbe mwingine anasema 53 ukitoa 4 inabaki 49, kwa hiyo hatujui lolote. Nani yuko sahihi, na niandike nini kwenye ripoti ya mwisho?*

Ndugu msomaji, una takwimu nzuri mkononi na watu watatu wanaozisoma kwa namna tatu, na wewe ndiye utakayeandika ripoti. Naelewa kwa nini unataka jibu lililonyooka. Mhazini amekosea. Mwenyekiti pia amekosea, ingawa hofu yake ina chanzo kinachoeleweka. Mjumbe wa tatu yuko sahihi kwa swali moja na amekosea kwa jingine. Lakini jambo linaloweza kuipotosha ripoti yenu zaidi ya hayo yote halikuguswa kikaoni: wale watu 400 mliowachagua ambao hawakujibu. Nitalifikia, na nitakaa nalo kwa muda mrefu kuliko mengine.

Tuanze na mhazini. Hakuna mtu hata mmoja aliyehesabiwa vibaya. Kosa la sampuli lingekuwepo hata kama kila simu ilipokelewa, kila jibu lilikuwa la kweli na kila fomu ilijazwa sawasawa. Linatokana na jambo moja tu: mmeuliza baadhi ya watu, hamkuuliza wote. Kompyuta ingeendeshwa tena asubuhi iliyofuata, ingetoa majina mengine, na asilimia ingekuwa nyingine kidogo. Huenda 51, huenda 55. Tofauti hiyo inayoletwa na bahati ya nani kaangukia kwenye orodha ndiyo tunayoipima.

Inapimwaje ilhali mmechukua sampuli moja tu? Chukulia kwamba katika wanachama wote 18,000, wanaounga mkono ni nusu kamili. Ukichagua 600 kwa nasibu, unategemea kupata watu 300 wanaounga mkono, lakini ni mara chache utapata 300 kamili. Utapata 291, mara nyingine 308, mara nyingine 315. Hesabu ya uwezekano inatuambia kuyumba huko kuna ukubwa gani: zidisha idadi ya waliojibu kwa sehemu inayounga mkono, kisha kwa sehemu isiyounga mkono, halafu tafuta kipeuo cha pili. Yaani 600 × 0.5 × 0.5 = 150, na kipeuo cha pili cha 150 ni kama 12.2. Hao watu 12 ndio kuyumba kwa kawaida, na wanatakwimu hukuita kosa sanifu. Kati ya sampuli 100 za namna hii, takribani 95 huangukia ndani ya makosa sanifu 1.96 kila upande, yaani watu 24 chini au juu ya 300. Kwa hiyo 24 ya mhazini ipo kweli, ila maana yake ni tofauti kabisa: ni umbali ambao bahati peke yake inaweza kuisogeza hesabu. Watu 24 kati ya 600 ni asilimia 4, na hapo ndipo namba ya ripoti yenu ilipotoka.

Kwa kutumia 53 badala ya 50 hesabu haibadiliki sana: 0.53 × 0.47 gawanya kwa 600, kipeuo cha pili chake ni 0.0204, mara 1.96 unapata 0.04. Ukitaka njia ya haraka ya kukagua ripoti ya mtu yeyote bila kikokotozi cha kitaalamu, gawa 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliojibu. Kwa 600 utapata 4.1. Kwa 100 utapata 10. Inatosha kabisa kwa mazungumzo ya kikaoni.

Nisisitize mambo mawili kuhusu hiyo 95, kwa sababu yanapotoshwa kila siku. La kwanza, sampuli 1 kati ya 20 itaangukia nje ya kiwango hicho hata kama kila kitu kimefanywa vizuri, na hakuna alama itakayokuonyesha kwamba yako ndiyo hiyo. La pili, thamani zote kati ya 49 na 57 hazina nguvu sawa. Zilizo karibu na 53 zinapatana zaidi na mlichokiona kuliko zile za pembeni. Anayesema "inaweza kuwa 49 sawasawa na inavyoweza kuwa 53" anaisoma vibaya. Tena, asilimia 4 si ya kila namba iliyomo kwenye ripoti. Kwa wale asilimia 6 ambao hawajaamua, hesabu ileile inatoa kosa la karibu pointi 2 tu (kutoka asilimia 6 hadi 7 ni pointi moja), kwa sababu kuyumba huwa kukubwa zaidi asilimia inapokuwa karibu na 50, na hupungua kadiri unavyokaribia 0 au 100.

Sasa mwenyekiti na asilimia 10 yake. Rudi kwenye hesabu tuliyofanya hapo juu uitazame vizuri: idadi ya wanachama wote, 18,000, haikuingia popote. Kinachoamua ukubwa wa kosa ni idadi ya waliojibu. Daktari anayepima damu hachukui nyingi zaidi kwa mtu mnene kuliko kwa mwembamba. Damu ikishachanganyika mwilini, kiasi kilekile kinasema habari ileile. Kuchagua kwa nasibu ndiko kunakofanya kazi ya kuchanganya. Ndiyo maana sampuli nasibu ya watu 600 ina kosa la takribani pointi 4 iwe imetoka kwenye chama cha watu 18,000 au kwenye nchi ya watu milioni 50.

Ukubwa wa kundi zima huanza kuwa na maana pale tu sampuli inapokula sehemu kubwa yake. Kuna marekebisho yake: unazidisha kosa kwa kipeuo cha pili cha sehemu ya watu ambao hamkuwauliza. Kwenu ni 17,400 kwa 18,000, yaani 0.967, na kipeuo chake ni 0.983. Kosa linashuka kutoka 4.0 hadi 3.9. Si kitu cha kugombania. Kanuni ya asilimia 10, kwa upande mwingine, inavuruga kote kuwili: kwa chama cha watu 200 ingekupa watu 20, ambao hawatoshi kwa lolote, na kwa nchi ya watu milioni 50 ingekutaka uhoji milioni 5.

Je, mkimsikiliza mwenyekiti mkapata majibu ya watu 1,800, mtafaidika nini? Kosa litashuka hadi pointi 2.2. Mmeongeza kazi mara tatu, na kosa halijafika hata nusu ya lile la mwanzo. Hii ndiyo sheria ya kipeuo cha pili, na haina huruma: ukitaka kosa lipungue kwa nusu, unahitaji majibu mara nne. Kwa kundi kubwa, kosa la pointi 3 linahitaji waliojibu kama 1,067, pointi 2 linahitaji 2,401, na pointi 1 linahitaji 9,604. Kwa chama chenu, kwa sababu ya marekebisho niliyoyataja, pointi 1 ingehitaji takribani watu 6,260, zaidi ya theluthi moja ya wanachama. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi wa mchango unaostahili gharama hiyo.

Huenda mmoja wenu alitumia fomula ya Yamane, ambayo wanafunzi wengi hufundishwa kwa ajili ya tasnifu: idadi ya watu wote gawanya kwa 1 ukijumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa. Kwa 18,000 na kosa la 0.05 inatoa 391. Si mbaya, lakini ijue inachodhania: kwamba sampuli ni nasibu moja kwa moja kutoka kwenye orodha kamili, kwamba unatafuta asilimia moja kwa kundi zima, na kwamba kila uliyemchagua atajibu. Mtu akichukua 391 hizo akazigawa kwenye matawi 10 kisha akatoa asilimia ya kila tawi, fomula haimlindi tena.

Tuje kwa mjumbe wa 49. Hapa kuna maswali mawili yaliyochanganywa, na majibu yake hayafanani. Swali la kwanza: je, wanaounga mkono ni wengi kuliko wanaopinga? Pengo ni pointi 12. Kosa la pengo si 4, na wala si 8 kwa kuzidisha tu mara mbili. Linahesabiwa kivyake, kwa kuwa anayeingia upande mmoja ametoka upande mwingine. Jumlisha sehemu mbili (0.53 + 0.41 = 0.94), toa mraba wa tofauti yake (0.12 × 0.12 = 0.0144), gawa kwa 600, chukua kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.96. Unapata 0.077. Kwa hiyo pengo ni pointi 12, kosa pointi 7.7: kati ya 4 na 20 hivi. Sifuri haimo. Kwa upande wa bahati ya sampuli, wanaounga mkono ni wengi kuliko wanaopinga, na mjumbe hana haki ya kusema hamjui lolote.

Swali la pili: je, wanaounga mkono wamevuka nusu ya wanachama wote? Hapo mjumbe ana hoja. Kati ya 49 na 57, upande mdogo uko chini ya 50. Lakini hata hapo "hatujui" ni neno zito mno. Kama ukweli ungekuwa nusu kamili, uwezekano wa sampuli ya watu 600 kutoa asilimia 53 au zaidi kwa bahati tu ni kama 7 kati ya 100. Ni dalili yenye uzito, ila haijafika kiwango cha uhakika mlichojiwekea. Angalieni katiba ya chama: kama uamuzi unahitaji kura za ndiyo kuzidi za hapana, swali lenu ni lile la kwanza. Kama unahitaji zaidi ya nusu ya wanachama wote, ni la pili, na wale asilimia 6 ambao hawajaamua wanageuka kuwa watu muhimu sana.

Kuhusu kupanda kutoka 48 hadi 53, ningekusihi usiandike kwamba "uungwaji mkono umeongezeka kwa asilimia 5". Sampuli ya mwaka jana nayo iliyumba, na mnapotoa moja kwenye nyingine mnabeba kuyumba kwa zote mbili. Miraba ya makosa hayo mawili hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili: kosa la tofauti linakuwa pointi 5.7. Mabadiliko ni pointi 5, kosa ni 5.7, kwa hiyo huenda hakuna kilichobadilika, na huenda wamepanda kwa pointi 10. Njia ya haraka: sampuli mbili zenye ukubwa sawa, zidisha kosa la moja kwa 1.4. Habari nyingi za "fulani apanda, fulani ashuka" zingenyamaza kama waandishi wangefanya hesabu hiyo moja.

Vijana nao. Watu 80 hawabebi kosa la pointi 4, wanabeba lao: karibu 10.7. Asilimia 61 yao inaweza kuwa 50 au 72. Na ukiwalinganisha na wale 520 wengine, ambao kwa hesabu ya majibu yenu wameunga mkono kwa asilimia 52 hivi, tofauti ni pointi 9 na ushei na kosa lake ni kama 11.5. Hamna ushahidi wa kutosha kusema vijana wana msimamo tofauti. Kuna mtego mwingine humu. Ukigawa majibu kwa umri, jinsia, tawi, kada na miaka ya kazi, utakuwa na milinganisho 20 au zaidi, na kwa kiwango cha 95 unategemea mmoja wao utaonekana "wa kweli" kwa bahati tupu. Kama maoni ya vijana ni muhimu kwenu, amueni kabla ya kuanza, mchague vijana wa kutosha kwa makusudi (majibu 400 hukupa takribani pointi 5), kisha muwarudishe kwenye uzito wao halisi mnapojumlisha.

Hadi hapa nimezungumzia bahati, na bahati ndiyo pekee inayopimwa na ile asilimia 4. Wale 400 ambao hawakujibu hawamo ndani yake. Fomula inawachukulia hao 600 kana kwamba wote walichaguliwa kwa nasibu. Lakini nasibu ilichagua watu 1,000. Kutoka hapo kwenda 600, kilichochagua si kompyuta. Ni saa mliyopiga simu, zamu za kazi, namba zilizobadilika bila rejista kujua, na moyo wa mtu kuhusu jambo lenyewe.

Tazama uzito wake. Waliojibu ni sehemu 0.6 na wameunga mkono kwa asilimia 53, wakichangia 31.8 kwenye jumla. Kama wale 400 wanafanana nao, jumla inabaki 53. Kama wao wanaunga mkono kwa asilimia 45, jumla ni 31.8 + 18 = 49.8, na wingi wenu umeyeyuka. Kama ni 40, jumla ni 47.8. Na je, ni ajabu kwamba wasiopokea simu ya chama wawe ndio wasiotaka kuongezewa makato? Hata kidogo. Hicho ndicho kinachonitia hofu kuhusu ripoti yenu, kuliko idadi ya 600. Mkiongeza simu mpaka mpate majibu 1,800 kwa njia hiyohiyo, kosa la sampuli litapungua huku upendeleo huo ukibaki palepale, na mtakuwa na uhakika mkubwa zaidi juu ya namba isiyo sahihi.

Historia ina mifano miwili ambayo ningependa mwenyekiti wako aisikie. Mwaka 1936 huko Marekani, jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2. Likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda urais kwa asilimia 57. Franklin Roosevelt alipata karibu asilimia 61 na kuchukua majimbo 46 kati ya 48. Orodha zao zilitokana kwa kiasi kikubwa na wenye simu na wenye magari, kipindi cha mdororo mkubwa wa uchumi, na robo tu ya waliotumiwa ndio waliorudisha karatasi. Kosa la sampuli kwa majibu milioni 2 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya pointi. Walikosea kwa karibu pointi 20.

Mwingine ni wa juzi. Mwaka 2021, utafiti uliofanywa kupitia Facebook nchini Marekani ulikuwa ukipata majibu kama 250,000 kila wiki kuhusu chanjo ya UVIKO-19. Kufikia Mei mwaka huo ulikuwa umekadiria idadi ya watu wazima waliopata angalau dozi moja kwa pointi 17 juu ya takwimu halisi za serikali. Kipindi hichohicho, utafiti wa chombo cha habari cha Axios na kampuni ya utafiti ya Ipsos, wenye watu wapatao 1,000, waliochaguliwa kwa uangalifu zaidi, ulikaribia ukweli. Wingi wa majibu haukuponya chochote.

Sasa nini cha kufanya, maana ripoti haijatoka bado. Kwanza, mna kitu ambacho watafiti wengi hawana: rejista inayowajua hata wasiojibu. Linganisheni 600 na wale 1,000, na pia na wote 18,000, kwa umri, jinsia, tawi, kada na kiwango cha mshahara. Tuseme rejista inaonyesha wenye umri chini ya miaka 30 ni asilimia 25 ya wanachama, ilhali kwenye majibu ni 80 kati ya 600, yaani asilimia 13. Mnaweza kuwapa uzito: kila kijana ahesabiwe kama watu 1.875 (25 gawanya kwa 13.33) na kila mwingine kama 0.865. Waliounga mkono wanakuwa asilimia 54. Uzito huo una bei yake: kosa linapanda kutoka 4.0 hadi 4.2 hivi, kwa sababu sauti chache zinabeba zaidi. Na hautibu kila kitu. Unarekebisha umri kwa sharti kwamba vijana waliojibu wanafanana na vijana wasiojibu. Kama ndani ya kila kundi la umri wanaokwepa simu ndio wapinzani, uzito hauwezi kuwaleta.

Dawa iliyo bora zaidi ni ya kutembea na kutafuta. Kutoka kwenye wale 400, chagueni kwa nasibu 100, kisha wafuatilieni hao 100 kwa nguvu zote: simu saa tofauti na siku tofauti, ujumbe, mwakilishi wa tawi kumfikishia mtu fomu iliyofungwa ili jibu lake lisijulikane kazini. Ni afadhali kuwapata 80 kati ya 100 kuliko 120 kati ya 400 kwa simu moja moja. Asilimia mtakayoipata kwao mnaipa uzito wa 0.4, na ile 53 uzito wa 0.6. Wanatakwimu Morris Hansen na William Hurwitz waliionyesha njia hii mwaka 1946 na haijachakaa. Kosa la sampuli litaongezeka kidogo kwa kuwa watu 80 wanawakilisha 400, lakini mtakuwa mmepunguza hatari kubwa kwa kukubali ongezeko dogo la hatari inayopimika. Mimi ningefanya biashara hiyo bila kusita.

Jambo jingine nitaligusa tu. Swali mliloliuliza lilisomwaje kwenye simu? "Je, unaunga mkono kuboresha huduma za matibabu kwa kuongeza mchango?" na "Je, unakubali makato yako yaongezwe?" yatatoa asilimia mbili tofauti, na hakuna kosa la sampuli linaloona hilo. Liandikeni swali neno kwa neno kwenye ripoti.

Na iwapo mwakani mtataka kupunguza gharama kwa kuchagua matawi 30 kisha watu 20 kila tawi, msitumie tena fomula hii rahisi. Watu wa tawi moja hufanana kimawazo. Hata kufanana kudogo, kwa kipimo cha 0.05 (0 ni hawafanani kuliko wanachama wengine wowote, 1 ni wanafanana kabisa), hufanya majibu 600 yawe na thamani ya kama 308, na kosa lipande kutoka 4 hadi 5.6.

Kwenye ripoti ningeandika hivi: "Wanachama 1,000 walichaguliwa kwa nasibu kutoka kwenye rejista ya wanachama 18,000, na 600 (asilimia 60) walijibu kwa simu. Kati ya waliojibu, asilimia 53 waliunga mkono, 41 walipinga na 6 hawakuwa wameamua. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kosa la sampuli kwa waliojibu wote halizidi pointi 4 juu au chini; kwa makundi madogo ni kubwa zaidi. Kiwango hiki hakijumuishi athari za wanachama 400 ambao hawakujibu. Waliounga mkono ni wengi kuliko waliopinga miongoni mwa waliojibu; kama wamevuka nusu ya wanachama wote, takwimu hizi hazitoshi kuthibitisha. Tofauti na mwaka jana iko ndani ya kosa la sampuli." Ongeza tarehe za simu, idadi ya majaribio kwa kila namba, na kama mlitumia uzito au la. Sentensi kuhusu wale 400 usikubali iondolewe, hata ukiambiwa inaidhoofisha ripoti. Mkifanya ufuatiliaji niliouelezea, badilisheni sentensi hiyo kwa matokeo yake.

Hesabu zote nilizokuonyesha unaweza kuzirudia kwenye lahajedwali. Lakini mtafute mwanatakwimu mkae naye ana kwa ana kama uamuzi wa mchango utasimama juu ya utafiti huu pekee na matokeo yako karibu na nusu, kama mtatumia uzito wa vigezo zaidi ya kimoja kwa pamoja, au kama mwakani mtachagua kwa matawi. Kwa utafiti wa mwakani, nenda kabla ya kukusanya majibu. Baada ya hapo anachoweza kukusaidia ni kidogo sana. Idara ya takwimu ya chuo kikuu chochote huwa na mtu anayeweza kukupa saa moja. Mpelekee rejista iliyoondolewa majina, maelezo ya jinsi kompyuta ilivyochagua, swali kama lilivyosomwa, faili la majibu lenye mstari kwa kila mmoja wa wale 1,000 pamoja na wasiojibu, na sababu ya kila asiyejibu: hakupatikana, alikataa, au namba haifanyi kazi. Kama sababu hizo hazikuandikwa, anza leo kuwauliza wapigaji simu wako kabla hawajasahau.